Kuifufua Peugeot 504 Nyumbani: Kifaa Chako Kikubwa ni Muda

Kila anayeingia bandani kwangu hapa Mombasa na kuiona Peugeot 504 iking'aa, huuliza swali lilelile: bunduki ya rangi ni ya aina gani, na kompresa ina nguvu kiasi gani? Vifaa vyangu ni vya kawaida, vya duka lolote la rangi mjini. Kilicholifanya gari litoke hivi ni muda.

Gereji ya biashara ina chumba cha kupulizia rangi, taa kali na mafundi waliozoea. Ina pia mteja anayepiga simu kila asubuhi na magari mengine yanayongoja nafasi. Nyumbani hatuna chumba hicho, lakini hakuna anayetuharakisha. Na rangi inapovimba, inapozama au inapofanya ukungu, mara nyingi sababu ni kwamba mtu hakusubiri pale palipotaka subira. Kwa hiyo nitaeleza kazi hatua kwa hatua, na katika kila hatua nitakuonyesha mahali pa kungoja na sababu yake. Utaona pia kuna mahali ambapo kungoja ni sumu.

Kwa nini 504

Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Kwetu sifa yake ilijengwa barabarani. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 Coupé ya V6. 504 za saluni zilipokoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, hapa Mombasa magari haya yaliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana hadi leo utapata vipuri vya mitumba, na utapata mafundi wazee wanaoijua kila nati.

Kwa anayejifunza, 504 ina wema mwingine: madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti. Unayatoa, unayalaza juu ya meza, unayafanyia kazi ukiwa umesimama wima.

Kagua kwa bisibisi na sumaku

Saluni ya 504 haina chesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesi, kwa hiyo kutu ya chini ni ugonjwa wa mifupa. Kabla ya kununua, na tena kabla ya kufungua chochote, lala chini ya gari ukiwa na bisibisi. Gonga na dunga kingo za chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, matao ya magurudumu ya nyuma, sakafu chini ya mazulia na upande wa chini wa milango. Chuma kizima hulia, kilichooza hubweka sauti nzito na kuachia unga.

Kisha pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Pale isiponata, chini ya rangi pana puti nene, na chini ya puti kuna historia ambayo muuzaji hakukusimulia. Angalia pia vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Vikizibwa na uchafu, mlango unaoza kutoka ndani, na wewe unaona kipele tu nje.

Nililipata langu kwa mwalimu mstaafu aliyelilaza chini ya mwembe. Injini ilikuwa nzima. Bodi ndiyo iliyohitaji kazi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hailali.

Kufungua: piga picha, andika, fungasha

Toa bampa, taa, vishikio, nembo, mipira ya vioo, viti na mazulia. Bolti za kila sehemu ziweke katika mfuko wake na uandike jina la sehemu hiyo. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Bolti iliyoganda kwa kutu ipulizie mafuta ya kulegezea jioni, uirudie asubuhi. Ukiilazimisha itakatika, na kuchimbua kipande kilichobaki ni kazi kubwa kuliko usiku mmoja wa kungoja.

Mpira wa kioo cha mbele usiufunike kwa tepu halafu ukapuliza juu yake. Toa kioo. Chini ya mpira huo maji hukaa miaka, na kutu hupenda kujificha hapo.

Kutu haifunikwi, hukatwa

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kwenye gari ufa huo ni kutu ya ukubwa wa sarafu. Kama chuma bado kina unene wake, kisugue kwa brashi ya waya kwenye grenda hadi king'ae, kisha paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki ifike kwenye vishimo. Ioshe na uikaushe kama kopo linavyoelekeza.

Kama chuma kimetoboka, kata hadi ufike kwenye chuma kizima, kisha tengeneza kiraka. Mimi hutumia bati jeusi la geji 20, lenye unene wa takriban milimita 0.9, unaokaribiana na wa bodi. Epuka bati lililopakwa zinki katika kuchomelea, kwa sababu zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Kabla ya cheche yoyote, chomoa betri, toa tangi la petroli na mazulia, na uwe na kizima moto karibu.

Chomelea kwa vidoti, ukirukaruka: kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja katikati, ukiacha chuma kipoe kila mara. Ukichomelea mstari mmoja bila kupumzika, joto hulikunja bati na paneli iliyokuwa bapa inakuwa na mawimbi. Fundi bodi mmoja mzee wa Changamwe alikuwa akinishika mkono: "Mwanangu, weka kiganja. Kama hupavumilii, hapajapoa." Bado ndicho kipimo changu.

Na hapa ndipo pale ambapo kungoja ni sumu. Chuma kilichong'arishwa kikilala usiku mmoja katika hewa ya pwani, asubuhi kitakuwa kimeanza kugeuka rangi ya chungwa. Kwa hiyo usiivue bodi nzima kwa siku moja. Vua kiasi unachoweza kukimaliza, kifute kwa dawa ya kuondolea mafuta, na ukipake praima ya epoksi siku hiyohiyo. Vaa glavu, maana epoksi huchokoza ngozi. Ndani ya kingo za chini ya milango nyunyizia nta ya kuzuia kutu, lakini iache hadi mwisho baada ya rangi, kwani nta na rangi mbichi havipatani.

Puti

Nyoosha bati kwanza kwa nyundo na fuawe ndogo. Puti ni ya kusawazisha yale mabonde ambayo nyundo haiwezi kuyafikia. Ikizidi milimita 3 hivi itapasuka kwa mtikisiko wa barabara. Hadena ni kama asilimia 2 ya uzito wa puti. Ukiizidisha ili ikauke haraka, rangi yake inaweza kupenya na kuacha madoa juu ya rangi nyeupe miezi baadaye.

Anza na msasa namba 80 ulioviringishwa kwenye ubao mrefu, kisha 180, umalizie kwa 320. Ubao ni muhimu: kidole kikiusukuma msasa peke yake huchimba mifereji. Sugua kwa mshazari, upande mmoja kisha mwingine. Fumba macho na upitishe kiganja, kwa sababu kiganja hugundua bonde ambalo jicho halilioni.

Usisugue puti kwa maji. Inanyonya kama sifongo, na maji hayo yatatafuta njia ya kutoka baada ya wewe kupiga rangi. Hapo ndipo vipele hutokea. Na rangi ya zamani ya magari haya inaweza kuwa na risasi, hivyo vaa barakoa ya vumbi na uwaweke watoto mbali.

Praima nene na ukungu mweusi

Juu ya epoksi na puti piga mikono (yaani matabaka) miwili au mitatu ya praima nene ya kujaza mikwaruzo. Halafu puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake. Ukisugua kwa msasa 400 na maji, weusi utabaki kwenye mabonde na kutoweka mapema kwenye vilima. Gari lenyewe linakuambia pa kurudia. Endelea hadi weusi uishe kote bila kufikia chuma, kisha malizia kwa 600 au 800.

Sasa funga mlango wa banda uende zako. Praima husinyaa kadiri tina inavyotoka, na ukiifunika kabla haijamaliza, itaendelea kusinyaa chini ya rangi. Mikwaruzo uliyodhani umeifuta itarudi juu. Mimi huipa praima wiki mbili au zaidi. Gereji ya biashara haiwezi kufanya hivyo, sisi tunaweza.

Rangi gani kwa nyumbani

Rangi za kisasa za sehemu mbili hudumu sana, lakini nyingi hadena yake ina aisosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi. Panahitajika kinyago kinacholishwa hewa safi kutoka nje, na nyumbani kuna familia na majirani. Kwa sababu hiyo nilichagua rangi ya selulosi, ile tunayoiuliza dukani kwa jina la NC. Hukauka kwa tina kuruka tu, husameheka, na kasoro zake husuguliwa na kung'arishwa. Hata hivyo bado inahitaji kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Ina masharti mawili. Kwanza, usiipige juu ya rangi ya mafuta, maana tina yake itaikunja. Lowesha kitambaa kwa tina na ukisugue mahali pasipoonekana. Rangi ya zamani ikivimba au kujikunja, iondoe yote au uifunge kwanza kwa epoksi. Pili, chagua rangi tupu isiyo na chenga za metali. Yangu ni krimu. Rangi imeandikwa pia katika logbuku, kwa hiyo ukibadilisha, kaandikishe upya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Banda na msimu

Pwani adui mkubwa ni unyevu. Tina ikiruka hupoza uso wa rangi, na mvuke wa hewani hutua juu yake kama umande. Rangi inafanya ukungu mweupe na kupoteza mng'ao. Kwa sababu hiyo sipulizi wakati wa masika. Nangoja kaskazi, Januari na Februari, na naanza saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo haujashika. Tumia tina nzito inayoruka polepole.

Toa maji kwenye tangi la kompresa kila siku. Kichujio cha maji kifunge mbali na kompresa, upande wa bunduki, ambako hewa imeshapoa na maji yamejitenga. Zungushia banda plastiki, fagia, kisha lowesha sakafu ili vumbi litulie. Dawa za kung'arisha dashibodi na matairi zisikaribie: silikoni kidogo ikifika kwenye bodi, rangi itakimbia na kuacha vishimo.

Mvuke wa tina ni mzito na hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Zima jiko la mkaa la jirani kwa heshima na maelezo. Weka kompresa nje, na feni isukume hewa safi kuingia, isinyonye mvuke kupitia mota yake.

Siku ya kupuliza

Changanya rangi na tina nusu kwa nusu, au tina izidi kidogo, uichuje. Mdomo wa bunduki milimita 1.4, shinikizo karibu psi 40, umbali sentimita 20. Mkono uende sambamba na paneli, usipinde kama wa mtu anayefagia. Bonyeza kabla ya ukingo na uachie baada yake, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na kingo na pembe, kisha paa, ushuke.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Kati ya mkono na mkono acha dakika 10 hadi 15. Ukiona tone linachuruzika, liache likauke, utalisugua baadaye. Mikono mitano au sita inakupa unene wa kutosha kung'arisha.

Kung'arisha

NC ikikauka kwa kugusa bado haijamaliza kukauka. Ipe wiki kadhaa. Halafu sugua kwa msasa 1500 na maji yenye sabuni kidogo, kisha 2000, ukiepuka pembe ambako rangi ni nyembamba. Maliza kwa kompaundi na kitambaa safi. Nta isubiri miezi miwili au mitatu, ili tina iliyobaki ipate kutoka.

Kama unaogopa kuanza, toa mlango wa buti tu. Ulaze mezani, uupitishe katika hatua zote, toka kutu hadi kompaundi, na uache kila hatua ichukue muda wake. Mlango huo ukikupendeza, ujuzi wa kulipaka gari zima unao tayari. Magari haya yaliunganishwa na mikono ya watu wa mji huu, na mikono ya nyumbani inatosha kabisa kuyarudisha barabarani.