PUNDA HAFUNZWI KWA KIBOKO

Wahenga walinena, "Asante ya punda ni mateke." Nami niliyaamini maneno hayo kabisa hadi likizo ya Agosti mwaka jana, babu aliponiachia kazi ya kumfunza punda mchanga kuvuta mkokoteni. Hebu ndugu msomaji, keti nikusimulie, kwani huenda na kwenu wako.

Kwetu ni Mwea, na Mwea bila punda magunia ya mpunga yatalala shambani. Punda wetu wa kwanza aliibwa usiku mmoja mwaka 2019. Wakati huo vichinjio vya punda, vilivyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2016, vilikuwa vikitafuta ngozi za kuuzwa Uchina. Tulipata kichwa na kwato tu kichakani. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini wetu alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo tulikodi mikokoteni ya watu, na pesa za kukodi ndizo zilizokuwa karo yangu. Ndipo babu akauza mbuzi wawili, akanunua huyu kijana wa miaka mitatu na nusu.

Siku ya kwanza niliharibu. Niliazima nira ya ng'ombe kwa jirani, nikaifunga kwa kamba ya nailoni. Punda akasimama tisti! Nikamchapa, hakusonga. Nikamchapa tena, wapi! Jioni nilikuta kidonda shingoni, na babu hakuniambia neno, akaenda zake kulala.

Mzee mmoja wa huko kwetu, bingwa wa kazi hii, ndiye aliyenifungua macho. Kwanza, farasi akiogopa hukimbia, lakini punda husimama ili afikirie. Sisi tunaita ukaidi, kumbe ni hofu. Pili, ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, na shingo yake ni nyembamba. Nguvu zake ziko kifuani.

Basi tukaenda kutafuta matandiko. Usidhani ni lazima ufike Nairobi! Kwa mafundi wa jua kali wanaobomoa magari makuukuu tulipata mikanda ya viti, imara na mipana. Sokoni kwenye mitumba tukanunua blanketi kuukuu. Fundi wa viatu akaishona mikanda juu ya blanketi lililokunjwa, upana wa vidole vinne au zaidi, na pete za chuma akatia pembeni. Mpira wa tairi usiuguse mwili, maana hutoa jasho na kuchubua. Nailoni ndiyo mbaya zaidi, hukata kama wembe. Mshipi wa kifua upite juu ya kiungo cha bega na chini ya koo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia kutembea. Mgongoni weka mito miwili ya gunia lililojazwa nyasi kavu, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo usiguswe. Na usisahau mshipi wa nyuma ya mapaja. Huo ndio breki. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni utamgonga miguu, na hapo mateke utayapata kwa haki yako.

(Wanachama, nilipofungua kamusi nilikuta punda huitwa pia kihongwe, na ule mfuko wa pande mbili wa mgongoni mwake ni shogi. Mwalimu, hayo mbona hatukufunzwa?)

Tulingoja kidonda kipone. Wiki nzima nilimpapasa tu, kichwani hadi kwatoni, na kumwongoza kwa kamba. Siri iko hapa: vuta kamba polepole, na akipiga hatua moja tu, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko anakokuelewa. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, basi. Halafu akavaa matandiko bila mzigo. Halafu akavuta tairi kuukuu, ili azoee kelele nyuma yake. Mwisho mkokoteni mtupu, kando ya punda mzoefu wa yule mzee, naye akamwiga mwenzake kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Wiki ya nne alipeleka magunia mawili kinuni, mimi nikitembea kando yake mikono mitupu. Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Pale shingoni nywele ziliota nyeupe, na hazitabadilika. Aliye na punda kwao na hajui kupima mshipi, anitafute bwenini baada ya prepu. Kamba ya kipimo ninayo kwenye sanduku.