Kirusi Ndicho Kinachozoea Dawa, Si Mwili

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Chang'ombe na mitaa jirani

Kabla hujafungua ukurasa wa pili

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima. Kama humu ndani yupo anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza makali ya VVU, kitamfaa yeye na wote wanaoishi naye. Kama hayupo, huenda kikamfaa mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hajakwambia lolote na wala hana wajibu wa kukwambia.

Usugu ni nini?

Barazani utasikia: "Fulani dawa zimemkataa." Au: "Mwili wake umeshazoea." Kauli hizo humtwisha mgonjwa mzigo usio wake. Mwili hauzoei ARV. Kinachozoea ni kirusi.

Kwa mtu asiyetumia dawa, VVU huzaliana kwa mabilioni kila siku, kila kirusi kikitoa nakala zake. Kazi hiyo hufanywa kwa haraka kama ya fundi cherehani usiku wa kuamkia Idi: nguo nyingi, na makosa mengi. Makosa mengi hukiharibu kirusi chenyewe. Lakini mojamoja hukifaa: umbo hubadilika kidogo, na dawa iliyokuwa ikikibana haikishiki tena.

Dawa ikiwepo ya kutosha kwenye damu, kirusi hakipati nafasi ya kuzaliana, basi na makosa hayatokei. Dawa ikipungua, virusi huanza tena kuzaliana. Dawa kidogo iliyobaki huvizuia vile vya kawaida, lakini kile chenye kosa hupita, kikazaa, kikajaza damu. Huo ndio usugu.

Ndiyo maana kidonge ambacho watu wazima wengi hupewa leo, TLD, kina dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kirusi kikiponyoka ya kwanza, kinakutana na ya pili na ya tatu. Ulinzi huo unafanya kazi pale tu kidonge kinapomezwa.

Tumetoka wapi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. ARV za bure zilianza kutolewa katika vituo vya tiba na matunzo, ambavyo wengi tunaviita CTC, mwaka 2004. Katika mchanganyiko wa awali ilikuwemo nevirapine, dawa iliyookoa maisha ya wengi ila yenye udhaifu: badiliko moja tu la kirusi lilitosha kuishinda. Akina mama wajawazito walikuwa wakipewa kidonge kimoja cha nevirapine wakati wa uchungu. Watoto wengi walikingwa, lakini dawa hiyo hubaki kwenye damu siku nyingi ikiwa peke yake, na baadhi ya akina mama waliachiwa virusi sugu.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliorudi wakaacha ARV wakiamini wamepona. VVU havikuwa vimeondoka.

TLD ilianza kusambazwa nchini mwaka 2019. Dolutegravir ni ngumu zaidi kuzoeleka, lakini si kwamba haiwezekani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 ilionyesha usugu dhidi yake wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6 katika tafiti za nchi mbalimbali. Ulifika asilimia 19.6 kwa watu waliokuwa tayari kwenye tiba na kuhamishiwa dawa hiyo wakati virusi vyao viko juu.

Kwa upande mwingine tuna habari njema. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia ARV, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Hata hivyo, utafiti huohuo ulikadiria maambukizi mapya 60,000 kwa mwaka. Sisi wa Chang'ombe tunaweza kuiona idadi hiyo kwa macho: ni Uwanja wa Benjamin Mkapa uliojaa, siku ya Simba na Yanga. Na anayeambukizwa kirusi sugu huanza tiba akiwa na kirusi ambacho tayari kimeizoea dawa, ingawa yeye hajameza hata kidonge kimoja.

Usugu unaanzia wapi nyumbani

*Kopo moja, watu wawili.* Mke anakwenda kliniki, mume anaogopa kuonekana pale, basi anachukua kwenye kopo la mkewe. Dawa za mmoja zikigawanywa kwa wawili, wote wawili wanakuwa na dozi pungufu, na kirusi kinapata mwanya kwa wote wawili. Mume apime, afungue kadi yake. Akiona haya kuonwa na majirani, aende kituo cha mbali na mtaa. Hakuna sheria inayomlazimisha kutibiwa jirani na kwake.

*Msiba na safari.* Simu inaingia usiku, asubuhi mtu yuko stendi, kopo limebaki kabatini. Weka vidonge vya akiba vya siku chache kwenye mkoba wako, vikiwa kwenye kichupa kilichofungwa vizuri. Ukikwama safarini, ingia CTC yoyote ukiwa na kadi yako.

*Kuficha.* Kwenye chumba kimoja chenye watu watano, kopo linalolia kama kayamba ni tatizo. Wengine hutia pamba lisisikike, wengine huvifunga vidonge kwenye karatasi. Pamba haina ubaya. Karatasi ina ubaya, kwa sababu joto na unyevu wa Dar es Salaam huharibu dawa. Kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya kopo ni cha kunyonya unyevu, usikitupe.

*Zamu za usiku.* Anayefanya kazi kiwandani wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, achague saa ambayo atakuwa macho katika zamu zote mbili, mfano saa moja jioni.

*Mwezi wa Ramadhani.* Kidonge cha mara moja kwa siku hakigongani na funga. Kimeze wakati wa futari au daku, ukishachagua usibadilishe. Anayemeza mara mbili kwa siku aulize kliniki kabla mwezi haujaandama.

*Njaa.* Wengi hukatisha dawa siku ambazo chungu hakijapanda. TLD humezwa hata bila chakula. Meza na maji.

*Mtoto aliyekua.* Dozi ya mtoto hufuata kilo. Mtoto wa kilo 20 anayepewa dozi ya alipokuwa na kilo 12 anapunjwa kila siku, hata kama bibi yake hajawahi kusahau. Kila mkienda kliniki mtoto apimwe uzito, na mlezi aulize: "Dozi yake bado ni ileile?"

Dawa zinazopunguza nguvu ya dawa

- Vidonge vya kiungulia, vya madini ya chuma na vya kalsiamu hushikana na dolutegravir tumboni. Meza TLD saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada yake. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu aeleze kliniki zote mbili.
- Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hupunguza sana dolutegravir mwilini. Mgonjwa wa TB huongezewa kidonge cha dolutegravir kiwe mara mbili kwa siku. Usiache kimoja ukidhani umeandikiwa kwa makosa.
- Dawa za kifafa, za kisukari, methadoni na za miti shamba: zitaje zote kwa mtoa huduma. Hatakugombeza, anataka kupanga dozi.

Uliza namba yako

Usugu hauonekani kwa macho. Mtu anaweza kuwa mnene na mwenye nguvu huku virusi vikipanda. Kinachosema ukweli ni kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Kwa kawaida mtu mzima hupimwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena mwezi wa 12, kisha kila mwaka. Watoto na wajawazito hupimwa mara nyingi zaidi.

- Chini ya 50: virusi havionekani. Ukiendelea hivyo, huambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana.
- 50 hadi 999: vipo kidogo. Chunguza dozi zako.
- 1,000 na zaidi: vimepanda. Hatua zinahitajika.

Namba ikipanda haina maana kwamba umeshapata usugu. Mara nyingi ni dozi zilizorukwa. Utapewa vikao vitatu vya ushauri nasaha, kwa kawaida kimoja kila mwezi, halafu upimwe tena. Wengi wanaotumia TLD hushuka hapo. Wasioshuka hubadilishiwa dawa, na baadhi hufanyiwa kipimo cha usugu kinachoonyesha ni dawa ipi bado ina nguvu. Dawa za mstari wa pili na wa tatu zipo, lakini hazina wingi wa kuchezea. Kwenye vikao hivyo sema kweli. Ukisema unameza wakati humezi, unaweza kubadilishiwa dawa nzuri bila sababu.

Maswali tunayoulizwa sana

*Nimesahau jana usiku, nafanyaje?* Ukikumbuka mapema, meza. Kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, subiri hiyo. Usimeze viwili kufidia.

*Nikikosa kimoja tayari nina usugu?* Hapana. Lengo ni asilimia 95, yaani katika siku 30 usikose zaidi ya kimoja. Hatari ni kukosa mara kwa mara, au kuacha na kurudia.

*Niliacha miezi mingi, naogopa kukaripiwa.* Rudi. Kila wiki unayokaa nje, virusi vinaendelea kuzaliana.

*Naweza kununua ARV mtaani?* Hapana. Mwaka 2012 ARV bandia zilikutwa hata hospitalini, Tarime. Dawa za CTC ni za bure. Ukiona kidonge chenye rangi au umbo usilolijua, uliza kabla ya kumeza.

Kazi ya wenye nyumba

Anayekuandalia maji ya kunywea bila kuuliza maswali anatibu pamoja na daktari. Mkumbushe kwa upole, kama unavyomkumbusha mtu swala au ada ya shule. Usitangaze hali yake. Usimtishie kwayo mkigombana, maana aliyeaibishwa huficha dawa, na dawa inayofichwa sana husahaulika.

Leo usiku, kabla ya kuzima taa, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, kisha tazama kadi inasema urudi lini. Kama vidonge vitaisha kabla ya tarehe hiyo, nenda CTC kesho asubuhi. Usisubiri tarehe.