Je, Kamba ya Neva Iliyokatika Yaweza Kuungwa Tena? Somo kwa Wanaowahudumia Wagonjwa Waliopooza



Baada ya Misa ya Dominika moja, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Mwanaye alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, na tangu siku hiyo hakusikia chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Mama huyo aliuliza swali moja tu: "Padre, mwanangu atatembea tena?" Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba huko Ulaya kuna daktari aliyemtembeza mtu aliyekatika mgongo, na kwamba wapo watu wanaouza dawa hiyo hiyo hapa karibu. Nilimwambia tutasali pamoja, na tulisali. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba sikumjibu.

Somo hili ni jibu ninalomdai yule mama. Naliandika kwa ajili ya mafrateri wanaojiandaa kuwatembelea wagonjwa, na kwa waamini wote wenye ndugu aliyelala kitandani. Tutaona kwanza ni nini hutokea mgongo unapoumia, kisha habari ya kweli ya yule "daktari wa Ulaya", na mwisho mambo ambayo Kanisa linatufundisha kuyapima.

1. Kwa nini mgongo hauponi kama mkono

Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita kamba laini ya neva, nene kiasi cha kidole chembamba. Humo mna nyuzi nyingi sana zinazoshusha amri za ubongo kwenda kwenye viungo, na nyingine zinazopandisha habari za maumivu, joto na mguso. Kamba hiyo ikikatika au kupondwa, amri hazishuki na habari hazipandi. Miguu yenyewe ni mizima, na ubongo ni mzima. Kilichovunjika ni njia kati yao.

Neva za mkononi au mguuni zikikatwa, mara nyingi huweza kuota tena polepole. Za ubongo na za kamba ya mgongo haziponi hivyo. Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika maandishi ya tiba ya Misri ya kale, yaliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, jeraha la shingo lenye kupooza mikono na miguu limewekwa katika kundi la magonjwa yasiyotibika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alichunguza neva kwa darubini na kufikia maoni kama hayo: kwa mtu mzima njia za ubongo zimekwisha kufungwa. Hata hivyo, aliwaachia wanasayansi wa baadaye kazi ya kuibatilisha hukumu hiyo, kama ingewezekana.

2. Mtafiti aliyeikataa hukumu hiyo

Mmoja wa walioipokea kazi hiyo ni Geoffrey Raisman. Alizaliwa mwaka 1939 huko Leeds, Uingereza, katika familia ya Kiyahudi, akasoma Oxford. Mwaka 1969 alichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Alionesha kwamba katika ubongo wa panya aliyekomaa, nyuzi fulani zikipotea, nyuzi za jirani huota na kushika nafasi zilizoachwa wazi. Kumbe ubongo wa mtu mzima si jiwe. Kitu fulani ndani yake bado kinaweza kujipanga upya.

Basi kwa nini mgongo hauponi? Raisman alifikiri kwamba tatizo si uvivu wa nyuzi, bali ukosefu wa njia. Tuseme mvua imebomoa daraja la kijiji. Wakulima bado wana mahindi na soko bado lipo, lakini magunia yanabaki ng'ambo. Vivyo hivyo, kamba ya neva ikiumia, seli za jirani hujenga kovu ili kuziba jeraha. Kovu hilo linasaidia kuzuia uharibifu usisambae, lakini pia linafunga barabara. Watafiti wengine walipata ushahidi ulioendana na wazo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Montreal, Kanada, kundi la Albert Aguayo lilipandikiza kipande cha neva ya mguuni ndani ya mfumo mkuu wa neva wa panya, na nyuzi zilizodhaniwa haziwezi kuota zikaota kupitia kipande hicho. Zilipopewa njia, zilisafiri.

Sasa Raisman akajiuliza: je, kuna mahali mwilini ambapo njia hiyo iko wazi daima? Jibu lilikuwa puani. Neva za kunusa huharibika kila mara kwa mafua, vumbi na moshi, na mwili huzalisha nyingine mpya maisha yote. Neva hizo mpya huota kutoka puani hadi ndani ya ubongo bila kuzuiwa. Mwaka 1985 Raisman alieleza jinsi seli fulani zinavyozifunika na kuzisindikiza nyuzi hizo, zikiwafungulia mlango mahali ambapo kwa kawaida umefungwa. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza kwamba walizipandikiza seli hizo katika jeraha la mgongo wa panya, na panya walioshindwa kutumia mguu wa mbele kuchukulia chakula waliweza tena.

3. Habari ya mgonjwa wa Poland

Mwaka 2010 mwanaume mmoja nchini Poland alichomwa kisu mgongoni, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Mazoezi ya muda mrefu hayakumsaidia. Mwaka 2012, katika mji wa Wrocław, kundi la madaktari likiongozwa na mpasuaji Pawel Tabakow, kwa ushirikiano na Raisman, lilimfanyia upasuaji. Walitoa kiungo kidogo cha kupokea harufu kilicho chini ya ubongo wake, wakakuza seli zake maabara, kisha wakazichoma kwa sindano ndogo mno juu na chini ya jeraha. Pengo la milimita 8 waliliunganisha kwa vipande vyembamba vya neva iliyotolewa kifundoni mwake. Kwa hiyo seli na neva zote zilikuwa zake mwenyewe.

Miezi ikapita, naye akiendelea na mazoezi magumu ya viungo kwa saa nyingi kila wiki. Taratibu misuli ya paja ikaanza kurudi, hisia zikashuka, na hatimaye akaweza kutembea kwa kushikilia fremu. Habari hizo zilitangazwa Oktoba 2014 na zikaenea duniani kote. Raisman alifariki mwaka 2017.

Hapa ndipo uaminifu unapotudai kuendelea kusoma hata baada ya habari njema. Huyo alikuwa mgonjwa mmoja. Jeraha lake lilikuwa la kisu, lenye mkato safi, na sehemu nyembamba ya kamba ilikuwa haijakatika. Wengi wanaopooza, kwa ajali za pikipiki au kuanguka, kamba yao hupondwa, na hilo ni jeraha la namna nyingine. Wanasayansi wengine waliuliza ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na seli, na kiasi gani kilitokana na mazoezi na nyuzi zilizobaki. Kabla ya hapo, huko Brisbane, Australia, wagonjwa watatu walipandikizwa seli za namna hiyo kutoka puani mwao. Ilionekana kwamba jambo hilo halikuwadhuru, lakini halikuwarudishia mwendo. Mgonjwa mwingine aliyepandikizwa tishu za pua mgongoni alionekana baada ya miaka 8 akiwa na uvimbe uliotoa kamasi, ikabidi apasuliwe.

Kwa hiyo, mama yule anastahili jibu hili: ni kweli mlango umefunguka kidogo, lakini hiyo bado si tiba ya kawaida ya hospitali. Yeyote anayeiuza kwa ahadi ya uhakika hasemi ukweli.

4. Kanisa linapima nini

Kwanza, Kanisa halina hofu na utafiti huu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba tabibu na dawa ni zawadi za Mungu, na kwamba mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Katekisimu (na. 2293) inautazama utafiti wa sayansi kama ishara ya mamlaka aliyopewa mwanadamu juu ya viumbe, ikikumbusha kwamba sayansi peke yake haiwezi kutoa maana ya maisha.

Pili, njia inayotumika ni muhimu sawa na lengo. Zipo tafiti za kutengeneza neva kwa seli shina zinazopatikana kwa kuharibu viinitete vya binadamu. Hati Donum Vitae ya mwaka 1987 na Dignitas Personae ya mwaka 2008 zinafundisha kwamba binadamu aliye katika hatua ya kiinitete hawezi kufanywa malighafi, hata kwa nia ya kumponya mwingine. Dignitas Personae (na. 32) inakubali seli zinazotolewa kwa mtu mzima bila kumdhuru sana, za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, au za mimba iliyokufa kwa sababu za asili. Seli za pua za mgonjwa mwenyewe zinaingia katika kundi linalokubalika. Bado lazima mgonjwa aelezwe ukweli wote na kuridhia kwa hiari, bila kudanganywa kwa matumaini ya bei ghali.

Tatu, heshima ya mtu haikai miguuni. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne wanambeba aliyepooza na kutoboa dari. Yesu anaanza kwa kumsamehe dhambi kabla ya kumwinua. Maana yake si kwamba miguu haina maana, kwani mwisho aliinuka akabeba kitanda chake. Ila Bwana alimwona mtu mzima, na aliiona pia imani ya wale waliombeba.

5. Wajibu wetu leo

Wakati maabara zinaendelea kutafuta, mgonjwa yuko kitandani leo. Zingatia mambo haya:

Mtu akianguka au kupata ajali na ukashuku mgongo, usimketishe wala kumnyanyua kwa kumkunja, isipokuwa kama mahali alipo ni pa hatari. Mwache ametulia, shikilia kichwa na shingo visigeuke, tafuta msaada, na abebwe amenyooka juu ya kitu kigumu.

Aliyepooza hasikii maumivu ya ngozi inayooza. Ageuzwe mara kwa mara, kila baada ya saa mbili hivi, na ngozi yake ikaguliwe kila siku. Vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya mkojo vimewaua wengi ambao wangeweza kuishi miaka mingi.

Jumuiya Ndogo Ndogo ipange zamu. Mama anayemgeuza mwanaye usiku na mchana naye ni mgonjwa wa uchovu. Hapo tunahitajika sisi, wale wanne wa Injili.

Frateri au katekista asiahidi muujiza wala asiukane. Apeleke Komunyo, aandae familia kwa Mpako wa Wagonjwa, asikilize, na aseme kweli.

Nilimrudia yule mama baadaye. Nilimwambia sijui kama mwanaye atatembea, na kwamba wapo wanaolishughulikia jambo hilo kwa dhati. Nilimsihi asiuze shamba kwa ajili ya dawa aliyoambiwa. Alilia kidogo, kisha akasema, "Afadhali umeniambia." Tukaanza kupanga nani atakuja Jumanne.

Maswali ya kutafakari

Je, katika parokia yangu namjua mtu aliyepooza kwa jina, au nasikia tu habari zake? Nitamwambia nini mgonjwa anayetaka kutumia mali yote ya familia kwa tiba isiyothibitishwa? Kwa nini lengo jema la kumponya mtu haliwezi kuhalalisha kumwangamiza mwingine? Na katika kile kitanda cha Injili, mimi nashika pembe ipi?

Mungu awabariki wagonjwa wetu, na mikono yote inayowageuza usiku.