Yafanyike Kabla ya Kutafuta Mimba

Kwetu Piana-Mwanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwanamke huanza kuulizwa habari za afya yake siku tumbo linapoonekana. Mimi na mume wangu tulianza mapema zaidi, na naomba kila dada anayetamani mtoto afanye hivyo. Sehemu ya mwili wa mtoto inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Ukingoja mpaka mwezi wa tatu ndipo umeze vidonge vya asidi foliki, vinavyosaidia sehemu hiyo ijifunge vizuri, kazi hiyo imekwisha kupita.

Basi omba vidonge hivyo ungali huna mimba. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, na mimi naona miezi mitatu ni bora. Kwenye vituo vya afya mara nyingi vimo pamoja na madini ya chuma, kidonge kimoja. Vimeze na embe au chungwa, na chai iache mpaka saa moja au mbili zipite, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ikiwa uliwahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mgongo, au una kifafa na unatumia dawa, mweleze muuguzi, kwa sababu kipimo chako ni kingine.

Angalia pia njia ya kupanga uzazi uliyokuwa unatumia. Vijiti vya mkononi vikitolewa, mimba yaweza kuingia mara moja. Shindano la miezi mitatu lina mambo yake: kwa wanawake wengi uzazi hurudi miezi kama 10 baada ya shindano la mwisho. Nimeona ndoa ikiyumba kwa sababu mume hakuambiwa hilo. Na kama umetoka kujifungua, ipe tumbo pumziko la miaka miwili kabla ya kutafuta tena.

Jambo ambalo nitalipigania kuliko yote ni damu, damu ya wote wawili. Kongo ni kati ya nchi tatu duniani zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na SS, yaani ugonjwa wa selimundu, pamoja na Nigeria na India. Mume wangu aliniambia, “Mama, mimi sijaugua hata siku moja.” Nikamjibu, “Papa, mwenye AS huubeba ugonjwa bila kuugua, ndiyo sababu tunapima.” Tulienda wote wawili. Wazazi wakiwa AS na AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, na mtoto wa kwanza kuzaliwa mzima hakupunguzi hatari kwa wa pili. Katika safari hiyohiyo pimeni virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini ya B, wingi wa damu, na kundi la damu pamoja na rhesus. Mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza vizuri, anaweza kuzaa mtoto asiye navyo.

Minyoo na kichocho vitibiwe sasa. Dawa ya minyoo haifai kumezwa miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na sisi tunaofua na kuoga mtoni au ziwani Tanganyika hatuwezi kujifanya kichocho hakituhusu.

Malaria nayo haingoji. Fansidar, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, hutolewa kuanzia mwezi wa nne, kwa hiyo miezi ya mwanzo kinga yako ni chandarua. Mimi nilikishusha changu, nikakinyoosha mbele ya dirisha asubuhi jua likiwa kali. Nuru ilionyesha matundu ambayo usiku huyaoni, mengi upande wa miguuni, pale tunapokichomeka chini ya mkeka. Nikayashona moja moja kwa uzi mweupe.

Chakula chetu kinatosha tukikipanga. Bukari peke yake haijengi damu. Iwe na ndakala, maharagi, lengalenga, na sombe iliyoiva vizuri. Muhogo mchungu ulowekwe siku zake zote, hata wakati wa njaa, kwa sababu sumu yake isipotoka inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Chumvi iwe yenye iodini. Tamaa ya kula udongo ikikushika, nenda ukapime damu.

Lutuku, ile pombe kali, na tumbaku tuviache wote. Mbegu ya mwanamume huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo baba aanze kuviacha miezi mitatu kabla.

Halafu kuna njia. Mvua ikishika, barabara ya kwenda Manono au Kalemie hukatika, na mama anayehitaji upasuaji hawezi kungoja tope likauke. Sisi tulihesabu kurudi nyuma: tukaanza kutafuta mwezi wa 9, tukitumaini uzazi uangukie kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8. Tarehe hupangi wewe, lakini kila mtu akitaka anaweza kuweka akiba mapema: pesa ya pikipiki, pesa ya upasuaji, vikwembe safi, na jina la ndugu mwenye damu ya kundi lako.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita ikiwa umepita miaka 35, nendeni hospitali kubwa pamoja. Wakwe wasikuache uende peke yako. Kipimo cha mbegu za baba ni chepesi kuliko vingi vya mama na hakina maumivu, basi ombeni kifanyike tangu mwanzo.