Dondoo Muhimu: Kamera ya Filamu Isipowaka

Una kamera ya filamu iliyolala kabatini hapo Kisumu Ndogo? Usiitupe. Anza na haya:

• Ijue kamera yako. Canon AE-1, iliyotoka 1976, hutumia betri ya volti 6. Bila umeme haipigi picha kabisa. Pentax K1000 hupiga hata bila betri. Kinachozimika ni kipima mwanga tu.

• Pima betri kwanza. Fundi wa simu mtaani ana mita, mwombe akupimie. Kwenye AE-1, bonyeza kitufe cha kupima betri huku ukichungulia: sindano ikitulia chini ya alama ya 5.6, betri ni nzima.

• Angalia kutu. Unga mweupe au wa kijani kwenye chumba cha betri huzuia umeme. Ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, na uache pakauke.

• Volti ziwe sahihi. Kamera iliyoundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 inaweza kupima mwanga vibaya ikiwekewa ya 1.5.

• Usifungue flashi. Kapasita yake huhifadhi takriban volti 300 hata betri ikishatolewa. Inaweza kukudhuru vibaya.

• Waya ukikatika, mpelekee fundi anayejua kusolda.

• Hifadhi vizuri. Funika lenzi ya K1000, la sivyo kipima mwanga kitaimaliza betri. Kamera ikikaa muda mrefu bila kazi, toa betri.

Fuata utaratibu huu kabla ya kununua kamera nyingine.