Mfereji wa bafuni huziba kiangazi, mvua huja kutuonesha tu



Wiki hii safu yetu inaingia jikoni na bafuni. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za Masasi na Newala hulisahau mpaka linuke, nalo ni bomba na mfereji unaotoa maji machafu nyumbani.

Wengi wetu hudhani kuwa mfereji huziba wakati wa masika, kwa sababu ndipo tunapoona maji yakifurika uani. Mara nyingi sivyo. Mfereji umeziba kiangazi, kidogo kidogo, na mvua imekuja kutufunulia tu. Huku kwetu mvua hukatika Aprili au Mei na hairudi vizuri mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo maji ni ya kuhesabu. Uwanda wa juu wa Makonde una mchanga unaomeza mvua yote, na chemchemi zimebaki chini kwenye miteremko na mabondeni. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji ya Newala yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka chini kupandishwa juu, na ndiyo maana kaya nyingi zimechimba visima vya saruji uani vya kuhifadhia maji ya mvua. Masasi mjini tulipata unafuu maji ya Mbwinji yalipofika, lakini hata huku ndoo ya mwezi wa Oktoba haimwagwi ovyo.

Sasa tazama kinachotokea. Mama anaosha vyombo kwa beseni moja badala ya matatu. Beseni hilo lina mafuta ya kupikia, majivu au mchanga wa kusugulia sufuria, machicha ya nazi, punje za wali, na udongo wa ming'oko na mihogo iliyotoka shambani. Yakimwagwa, maji hayo ni machache na mazito, hayana nguvu ya kusukuma kitu. Mafuta yanagandia kwenye kuta za bomba, mchanga unanasa kwenye mafuta, nywele na nyuzi za dodoki zinashika ule mchanga, na sabuni ya kipande inaweka utando wake mweupe juu. Siku zikipita bila maji mengi kupita, mchanganyiko huo unakauka na kushika kama plasta. Masika, maji mengi yalikuwa yakiusukuma kabla haujakomaa. Kiangazi hakuna wa kuusukuma.

Na msimu wa korosho nao una lake. Pesa ikiingia, baba mwenye nyumba anaweka vigae bafuni na sinki jikoni, jambo jema. Lakini fundi anaambiwa abane gharama, basi analaza bomba jembamba, bila mteremko wa maana, na bila chemba ya kufungulia. Vigae vinang'aa, na miezi sita baadaye watu wanaoga wamesimama ndani ya maji. Kwangu mimi, bora bafu la saruji tupu lenye bomba lililolazwa vizuri. Mwambie fundi wako kuwa bomba lishuke sentimeta 2 na nusu hivi kwa kila mita moja, na kila linapopinda kuwe na chemba yenye mfuniko unaofunguka.

Mtu atauliza, kuziba kwa mfereji kunamhusu nini tabibu? Kunamhusu sana. Maji machafu yaliyotuama ndiyo makazi ayapendayo mbu wa aina ya kuleksi. Huyu si yule wa malaria, ambaye zaidi hutafuta maji yaliyo safi kidogo. Kuleksi anataka mashimo ya choo yenye maji, makaro yaliyojaa na mifereji iliyoziba. Anataga mayai yake yakielea juu ya maji kwa pamoja kama kijitumbwi, yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na kwa joto letu mbu kamili anaruka baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo dimbwi la nyuma ya bafu lililokaa wiki mbili limekwisha kukuzalia mbu, hata kama mvua haijanyesha tone. Ndiyo sababu kuna nyumba zinazolalamika mbu mwezi wa Septemba wakati vidimbwi vyote vya barabarani vimekauka.

Mbu huyu ni miongoni mwa wanaoeneza vijidudu vya matende na mabusha. Ugonjwa huu ukanda wetu wa Lindi na Mtwara unaujua vizuri, ingawa watu huuficha kwa haya, na wengine bado husema ni kurogwa au kurithi. Hapana. Ni minyoo myembamba kama uzi inayokaa kwenye mishipa ya maji ya mwili. Kung'atwa mara moja kwa kawaida hakutoshi. Mtu hung'atwa mara nyingi, miezi na miaka, ndipo maambukizi yakae, na uvimbe hujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa maneno mengine, mtoto anayelala karibu na mfereji ulioziba anaweza kulipa akiwa mtu mzima. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kingatiba ulianzia Mafia mwaka 2000 ukaenea mikoa mingine, na dawa hizo zinasaidia sana. Dawa, hata hivyo, haimfukuzi mbu uani kwako.

Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, walilionesha hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu waliwapa watu dawa, kisha wakamwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, kama zile za kufungia redio mpya zisivunjike, ndani ya mashimo ya vyoo yenye maji. Punje zikaelea zikafunika maji yote, viluwiluwi wakakosa hewa, na mbu wa kike akakosa pa kutagia. Mbu walipungua sana na vijidudu ndani ya damu za watu vikapungua navyo. Hawakupuliza sumu nyumba kwa nyumba. Walifunga mlango wa kizazi cha mbu.

Kuna upande mwingine unaotuhusu sisi Waislamu kila siku mara tano. Bafu za nyumba nyingi ndizo pia mahali pa kujisaidia haja ndogo. Mfereji ukiziba, maji ya kuoga yanachanganyika na mkojo na kupanda mpaka vifundoni. Katika madhehebu ya Imam Shafi tuliyosomeshwa madrasa, kuanzia Safina, maji yaliyo chini ya kulateni, yaani kiasi cha pipa kubwa la lita 200 na ushei, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika rangi wala harufu. Basi mtu anayekoga janaba ndani ya maji hayo, kisha akatoka na miguu ile ile kwenda kwenye msala, ana jambo la kujiuliza. Mtume (SAW) amekataza, katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Na katika hadithi ya Ibn Abbas ametueleza juu ya mtu aliyekuwa akiadhibiwa kaburini kwa kutojikinga na mkojo. Mpaka mfereji uzibuliwe, weka kopo la maji safi mlangoni, kila anayetoka amwagie miguu yake. Penye shaka zaidi muulize sheikh wako.

Tufanye nini basi? Hatuwezi kuwaambia watu wamwage maji mengi, kwani maji hayapo, na israfu ni haramu. Mtume (SAW) mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja, na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Njia ni mbili, kupunguza kinachoingia kwenye bomba, na kuyakusanya maji machache tuliyonayo yapite kwa mkupuo.

La kwanza liko mikononi mwa akina mama na mabinti. Sufuria ya mafuta ifutwe kwanza kwa karatasi au jani kavu la mgomba kabla ya kuingia majini, na uchafu ule uende jalalani. Machicha ya nazi wape kuku. Mchanga na majivu ya kusugulia yamwagwe shimoni, kamwe yasipite sinki. Ming'oko isuguliwe udongo ingali kavu. Kwenye tundu la bafu na la sinki weka kipande cha wavu wa dirisha, na kila jioni mtu mmoja, ajulikane ni nani, atoe nywele na vipande vya sabuni. Pedi, nepi na vitambaa visiingie kabisa.

La pili ni maji ya kusuuzia nguo. Siku ya kufua, lile suuzo la mwisho lisimwagwe kidogo kidogo. Jazeni ndoo ya lita 20, iinueni, iachieni yote kwa pamoja ndani ya tundu la bafu au sinki. Ndoo moja ya namna hiyo kwa wiki inafanya kazi kuliko vikombe mia vya siku zote. Mara moja kwa mwezi tangulizeni maji ya moto yenye sabuni ili kulainisha mafuta, lakini yasiwe yanayotokota, kwani bomba la plastiki hulegea. Maji ya udhu ni bora yasiingie kabisa kwenye bomba hilo. Tawadheni penye mpapai au mgomba, mti utafaidi.

Likishaziba, jaribu pampu ya mpira, au ufito mrefu wa mwanzi kupitia chemba. Usikimbilie magadi makali ya viwandani na tindikali zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto akinywa, huunguza koo na tumbo. Ikitokea, usimtapishe, msuuze kinywa na mkimbize hospitali. Zikimrukia mtu machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 ndipo umpeleke. Na usichanganye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na tindikali yoyote, hutoa hewa inayochoma mapafu.

Wapo pia wanaotoboa ukuta na kuyaelekeza maji kichochoroni kwa jirani, wakisema kiangazi yatakauka. Hadithi inatutahadharisha na laana ya wanaojisaidia kwenye njia za watu na vivulini mwao. Maji ya bafu yenye mkojo njiani yana tofauti gani? Isitoshe, kwa walio na visima vya maji ya mvua uani, shimo la maji machafu liwe mbali, mita 30 ikiwezekana, na upande wa chini wa mteremko. Udongo wa mchanga unapitisha uchafu upesi.

Kazi yenyewe ifanyike Oktoba, kabla ya wingu la kwanza. Fungua chemba zote, choteni mchanga kwa kata, zibeni nyufa, funikeni shimo kwa zege au mbao nzito ambazo mtoto hawezi kuziinua. Shimo likiwa limejaa tope, mtu asishuke ndani, hata kama ni fundi mzoefu na hata kama ni mara moja tu. Hewa iliyokusanyika chini humwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Choteni kwa ndoo na kamba mkiwa juu, au chimbeni shimo jingine.