Kifaransa cha Masika kwa Wanaopandisha Wageni Uluguru

Mgeni alinipigia simu kutoka Dar es Salaam: "Quel temps fait-il à Morogoro?" Nikatazama saa ya mkononi, nikamjibu kwa kujiamini: saa mbili asubuhi. Kumbe "temps" ni muda, na pia ni hali ya hewa. Tangu siku hiyo nina kanuni yangu: nikisikia "heure" natazama saa, nikisikia "temps fait-il" natazama mlima.

Sisi tunasema mvua inanyesha. Mfaransa mvua haitaji kabisa, husema "il pleut", basi. Kulitamka, anza kama unasema "ple", huku midomo umeiviringisha kama anayepuliza moto wa kuni, uishie hapo hapo. Ukichomekea r mwishoni umesema "il pleure", analia, na mgeni atageuka kumtafuta anayelia. Manyunyu ni "il bruine". Mvua ya kumwagika ni "il pleut des cordes", yaani inanyesha kamba.

Ila ukiwa na nafasi ya kukariri sentensi moja tu, kariri "il va pleuvoir", mvua inakuja. Wingu likishafunika kilele cha Lupanga, ongeza "on redescend", tunashuka. Njia ya Morningside ikilowa, "ça glisse", panateleza, linatosha. Miguu ya mgeni itamweleza mengine.

Vitabu vya Kifaransa vitakufundisha majira manne ya kwao. Hapa hayakufai. Masika yetu, Machi hadi Mei, yaite "la grande saison des pluies". Vuli, kuelekea Desemba, "la petite saison des pluies". Wafaransa wengi huwa likizo Julai na Agosti, kwao kiangazi cha joto, kwetu kipupwe. Usimwambie ni "hiver", atawaza theluji. Sema "il fait frais", kuna kaubaridi. Na wewe ukisikia baridi ni "j'ai froid". Ukisema "je suis froid" umejitangaza kuwa mtu asiyechangamka, na kazi yetu hii haitaki hivyo.

Tena angalia mnapanda upande gani. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima kwa mashariki, zikapanda, zikapoa, zikamwaga maji huko huko. Ndiyo maana Kinole hulowa hata miezi ambayo Mgeta, upande wa magharibi, inakauka. Mgeni wa Kinole usimdanganye na "saison sèche". Mwambie "il pleut souvent, même en août", hunyesha mara kwa mara, hata Agosti. Koti la mvua ni "imperméable". Neno hilo mwandikie kwenye simu siku moja kabla, maana akilisikia mkiwa tayari msituni, koti liko hotelini.